Faida ya mpira wa wavu iko kwenye kutua

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza: "Daktari, mpira wa wavu utanitoa kitambi?" Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ila nimeshachoka kusahihisha. Jibu langu huwavunja moyo kidogo. Ukicheza kujifurahisha, sita kwa sita, muda mwingi umesimama ukisubiri mpira uje upande wako. Vipimo vya matumizi ya nguvu mwilini huuweka mchezo wa namna hiyo kwenye mara 3 hivi ya nguvu unayotumia ukiwa umekaa tu, karibu sawa na kutembea kwa mwendo wa wastani. Ukihamia kwenye mchanga wa ufukweni, wawili kwa wawili, hesabu hupanda hadi kama mara 8, maana mchanga humeza kila hatua na hakuna mwenzako wa kumwachia mpira. Huko kitambi kitapata habari. Kwenye uwanja wa kawaida, suala la kitambi kamalizane nalo mezani.

Mimi huwapeleka watu kwenye wavu kwa ajili ya mifupa.

Mfupa unabomolewa na kujengwa upya maisha yako yote, na seli zinazoujenga huchangamka zinapohisi mzigo. Kuogelea na kuendesha baiskeli ni kuzuri kwa moyo, lakini nyonga haziambulii kitu kikubwa, kwa sababu maji au tandiko limekubebea uzito. Ukiruka kublok, yaani kuzuia mpira juu ya wavu, kisha ukatua, miguu inapokea kwa nukta moja uzito wako mara kadhaa. Tena mfupa huuzoea haraka mzigo wa aina moja. Mfupa unachopenda ni kishindo kifupi, kikija mara kutoka mbele, mara kutoka ubavuni, halafu upumzishwe. Hebu tazama seti moja ya mpira wa wavu uone kama si hicho hicho. Akiba kubwa ya mifupa huwekwa kabla ya miaka 30, na mwanamke huipoteza kwa kasi hedhi inapokoma, ndiyo maana huwa nasikitika shule ikiwaacha wasichana wamekaa pembeni kipindi cha michezo.

Sasa, kishindo hicho hicho kinaweza kukuumiza. Mwalimu mmoja wa miaka 44 alinijia akilalamikia maumivu chini ya pia ya goti. Alikuwa anachezea timu ya wafanyakazi wenzake. Nikamwomba aruke mara moja pale pale chumbani. Alitua miguu imenyooka kama vijiti vya mwavuli, magoti yakagongana kwa ndani, na kishindo kikasikika hadi mapokezi.

"Mwalimu," nikamwambia, "tua kama mwizi."

Alicheka, lakini alielewa. Kwa wiki kadhaa hatukugusa mpira. Tulifanya kazi ya kutua kimya: mbele ya unyayo kwanza, kisigino kifuate, makalio yarudi nyuma kama unatafuta kigoda, magoti yaelekee vidoleni. Misuli ya mapaja na makalio ikianza kupokea mzigo, kano ya goti hupumua. Hata kupanda daladala kulimrahisikia kabla hajarudi uwanjani.

Jeraha linaloongoza, hata hivyo, ni kuteguka kifundo cha mguu, na mara nyingi hutokea chini ya wavu: unatua juu ya mguu wa mpinzani uliovuka mstari. Aliyeteguka mara moja huteguka tena kirahisi, kwa sababu kifundo kimepunguza uwezo wa kuhisi kimekaa vipi. Mazoezi ya mizani hupunguza hatari hiyo. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, asubuhi kulia, usiku kushoto. Uzuri wake, mizani hiyo hiyo ndiyo itakayokuzuia kuanguka bafuni ukiwa na miaka 70.

Moyo nao hufaidika. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na jioni mbili za wavu zinakufikisha. Na misuli inayofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu hata bila kuisubiri insulini, homoni inayoshusha sukari.

Kama mna miaka 40 na kuendelea, shusheni wavu. Mita 2.43 za wanaume na 2.24 za wanawake ni za mashindano. William Morgan alipoubuni mchezo huu mwaka 1895 kule Holyoke, Marekani, aliwalenga watu wazima waliouona mpira wa kikapu kuwa wa purukushani mno, na wavu wake haukufika hata mita 2. Asiyeweza kuruka kabisa ana mchezo wa kuketi, ambao wavu wa wanawake uko mita 1.05 tu; wanawake wa Rwanda waliucheza kwenye Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu, kule Rio mwaka 2016. Huko mabega na kiwiliwili hubeba kila kitu, kwa sababu mikono inayopiga mpira ndiyo pia inayokusogeza.

Mwalimu alinitumia picha juzi: kiwiko kimechubuka, kaanguka akipokea sevu. Anauliza kama Jumamosi anaweza kucheza. Nimemjibu aoshe kwa maji na sabuni.