Usiiegemee Drili: Pigo Halitoki Begani

Wiki iliyopita niliwekewa mezani drili ya tatu ndani ya mwezi mmoja, nayo ilinuka kama zile mbili za kwanza, harufu ya vanishi iliyoungua ambayo fundi aliyezoea huitambua kabla hajafungua skrubu hata moja. Mwenyewe ni kijana mwenye bidii anayefunga fremu za alumini, na maelezo yake yalikuwa yale yale: "Fundi, nimeiegemea mpaka kifua kinauma, haiingii. Hii mashine ni feki." Haikuwa feki. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na kila anayeisema anaamini kwamba nguvu ya kutoboa zege inatoka begani mwake. Imani hiyo inaua mashine na kuteguza mikono ya vijana, na imenichosha.

Mzizi wa kosa ni kwamba mashine mbili tofauti tunaziita kwa jina moja. Ya kwanza ni drili ya kawaida yenye swichi ya alama ya nyundo, ambayo biti yake, yaani chuma cha kutobolea, hubanwa kwa ufunguo. Ndani yake mna visahani viwili vyenye meno. Unapoisukuma, kisahani kinachozunguka hupanda na kushuka juu ya meno ya kile kilichotulia, na mtikisiko huo mdogo, unaoweza kuzidi mara 40,000 kwa dakika, ndio tunaouita nyundo. Usipoisukuma, meno hayakutani na nyundo haipo. Hapo ndipo watu walipojifunza kusukuma, na kwa mashine hiyo walijifunza nusu ya ukweli.

Ya pili ni ile ya SDS, mfumo wa kuchomeka biti bila ufunguo ambao Bosch waliuleta mwaka 1975. Ndani yake pistoni hubana hewa katika silinda, hewa hiyo hurusha kipande cha chuma, na chuma hicho ndicho kinachogonga mkia wa biti. Mapigo yake ni 4,000 hadi 5,000 hivi kwa dakika, machache sana ukilinganisha na ile ya meno, lakini kila pigo ni zito kwa mbali. Pigo hilo limetengenezwa na hewa iliyobanwa, kwa hiyo bega lako haliliongezi chochote. Kazi ya mkono ni kuhakikisha biti haiachani na ukuta, basi. Ndiyo maana biti ya SDS hucheza mbele na nyuma hata ikiwa imefungwa sawasawa: imeachiwa nafasi ili ipigwe. Mchezo huo si ubovu, na tafadhali mtu asiuzibe kwa utepe.

Sasa fikiria kinachoendelea ndani ya mota unapoegemea. Feni inayoipoza imefungwa kwenye ekseli ile ile ya amecha, sehemu ya mota inayozunguka. Mzigo ukizidi, mwendo hupungua. Mwendo ukipungua, mota huvuta ampea zaidi, na ampea zikiongezeka maradufu, joto katika waya huwa mara nne. Na wakati huo huo feni iliyopaswa kuliondoa joto hilo inazunguka kivivu. Yaani unaongeza moto na kupunguza upepo kwa mkono mmoja. Vanishi inayotenganisha waya hulainika, waya hugusana, na harufu ile hufika mezani kwangu. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba huzidisha balaa, kwa sababu volti hupungua njiani. Na ekstensheni ya kuviringa ifunguliwe yote hata kama soketi iko karibu, kwani ikibaki imeviringwa joto lake halina pa kutokea.

Je, usukume kiasi gani? Sina kipimo cha kilo ninachoweza kukuapia, na maelezo yanayosema "shinikizo la wastani" hayamsaidii mtu aliye juu ya ngazi. Mimi husikiliza. Sauti ikiwa sawa na unga ukitoka mfululizo, inatosha. Sauti ikizama, legeza. Kila sentimita mbili au tatu rudisha biti nyuma ikiwa bado inazunguka, kwa sababu mara nyingi zege linalosemwa limekataa halijakataa kitu, ni shimo lililojaa unga.

Biti ikigoma mahali pamoja kabisa, huenda umefika kwenye nondo. Ncha ya kabaidi, kile kipande kigumu sana mbele ya biti, imeundwa kuvunja zege na haikati chuma cha nondo ipasavyo, kwa hiyo hamisha shimo, na kama ni nguzo au boriti, kukata nondo ni uamuzi wa mhandisi. Hapo pia ndipo kuegemea kunapoumiza watu. Niliwahi kumwona kijana aliyeondoa mpini wa pembeni wa mashine kwa sababu ulimzuia kwenye kona. Biti ilinasa, mashine ikazunguka yenyewe, na kifundo cha mkono wake kilivimba kabla hajashuka ngazi. Mashine nyingi za SDS zina klachi ya kuteleza, inayoachia biti inaponasa, lakini klachi huachia baada ya mkono kuwa umeshavutwa.

Kuhusu glavu bado ninasita. Mtikisiko na mikwaruzo ya zege vinazidai, lakini kitambaa kilicholegea kikinaswa na biti huvuta vidole pamoja nacho. Kwa sasa ninavaa za kubana wakati wa kuchimbua kwa patasi na kuzivua wakati wa kutoboa. Miwani na vizibo vya masikio havina mjadala. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu taratibu na bila kurudi, na kitambaa cha shingoni hakiizuii. Tafuta barakoa ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la FFP2 au zaidi.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zinataka nyundo izimwe kabisa. Nyundo hulegeza chokaa kuzunguka shimo na plagi ya plastiki ya kushikia skrubu hukosa pa kushika. Vigae navyo ni hivyo hivyo mpaka uvuke kigae.

Matunzo ni mafupi. Chomoa plagi kwanza. Futa mkia wa biti ya SDS na uupake grisi kidogo kila unapoichomeka. Puliza matundu ya hewa. Usizamishe biti iliyopata moto ndani ya maji, maana kabaidi hupasuka. Cheche chache za buluu kwenye kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha, ni za kawaida. Duara zima la moto si la kawaida, na hapo kaboni hubadilishwa zote mbili kwa pamoja.

Ya kijana yule ilihitaji amecha mpya. Alipokuja kuichukua nilimpa kipande cha zege nilichokiweka sakafuni, biti ya milimita 8 na maelekezo ya kushika kwa mikono miwili bila kuegemea. Aliingiza sentimita sita, akairudisha biti mara mbili kutoa unga, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimefunga mota kubwa zaidi.