Nyumba ya familia kijijini Uholanzi: dhana potofu na ukweli wake

Anayechoshwa na kodi ya pango ya Rotterdam au Utrecht huanza kutazama vijijini: bustani, watoto wakienda shule kwa baiskeli, jioni kimya. Ni ndoto njema, na inatimizika. Ila nyumba ya kijijini haikaguliwi kama fleti ya mjini. Anza na kilicho chini yake, halafu kinachoizunguka, halafu makaratasi ya manispaa. Jikoni utaingia mwisho.

Dhana: "Msingi wa 'op staal' ni wa chuma, kwa hiyo ni imara"

Hamna chuma humo. Maneno hayo kwenye ripoti yana maana kwamba ukuta umesimama moja kwa moja juu ya ardhi, bila nguzo za kuchomekwa chini. Kwenye mchanga wa Drenthe au Veluwe msingi wa namna hiyo hukaa miaka mia bila tatizo. Kwenye ardhi laini ya mboji na mfinyanzi, kama sehemu kubwa za Friesland na Zuid-Holland, udongo hunywea wakati wa ukame na upande mmoja wa nyumba hushuka kuliko mwingine.

Aina ya pili ni nguzo za mbao zilizopigwa mpaka kwenye mchanga mgumu. Mbao iliyozama majini muda wote hudumu sana. Maji ya chini ya ardhi yakishuka, vichwa vya nguzo hupata hewa, kuvu huingia, na kuoza kunaanza. Maji hushuka kwa ukame, kwa bomba la maji taka lililopasuka na kuyanyonya, au kwa sababu kiwango cha mitaro kimeteremshwa ili matrekta yasizame mashambani.

Dalili zinaonekana kwa macho. Simama ng'ambo ya barabara, chagua mstari mmoja wa matofali, ufuate kutoka kona hadi kona uone kama umeinama. Tafuta nyufa zinazopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali. Tazama juu ya milango ya ndani: mlango uliorandwa mshazari umefuata fremu iliyopinda. Weka gololi sakafuni. Kisha kagua na nyumba ya jirani, maana zilizoungana mara nyingi zina msingi mmoja, na huwezi kutengeneza nusu yako peke yako kwa urahisi.

Wengi huamini ukaguzi wa kawaida wa jengo unamaliza suala hili. Haumalizi. Mkaguzi hufunua kifuniko kilicho karibu na mlango wa mbele, humulika tochi chini ya sakafu, na huandika alichokiona, hachimbi. Uchunguzi wa msingi ni kazi nyingine: shimo huchimbwa kando ya ukuta na mbao hupimwa. Kabla ya hapo, omba mchoro wa awali wa ujenzi kwenye kumbukumbu za manispaa. Mara nyingi unaonyesha kama kuna nguzo na zina urefu gani. Matengenezo yanaweza kuvuka euro 100,000, na bima ya nyumba kwa kawaida hailipi. Ikiwa nyumba ilijengwa kabla ya 1970 juu ya ardhi laini, tungeandika uchunguzi huu kama sharti kwenye mkataba, hata kama muuzaji atakunja uso.

Kwa vijiji vya Groningen kuna jambo la ziada. Uchimbaji wa gesi ulileta matetemeko, kubwa zaidi likiwa la Huizinge, Agosti 2012, la ukubwa wa 3.6. Sheria ya kufunga visima ilikamilika 2024, lakini ardhi haitulii siku hiyo hiyo. Mwombe muuzaji faili la madai ya uharibifu: nini kililipwa, nini kilitengenezwa kweli, na kama nyumba imepangiwa kuimarishwa.

Dhana: "Nikinunua nyumba, nina haki ya kuishi ndani yake"

Matumizi ya nyumba huamuliwa na mpango wa manispaa, *omgevingsplan*. Kwenye matangazo jihadhari na maneno mawili. *Recreatiewoning* ni nyumba ya mapumziko: bei inavutia, ina vyumba vitatu na msitu nyuma, lakini kuishi humo mwaka mzima kwa kawaida ni marufuku, benki nyingi hazitoi mkopo wa kawaida wa nyumba, na kodi ya uhamisho, inayolipwa nyumba inapobadili mmiliki, ni ya kiwango cha juu kuliko ile ya nyumba ya kuishi. *Bedrijfswoning* ni nyumba iliyofungamanishwa na shamba au biashara. Asiyeendesha biashara hiyo anaweza kukatazwa kuishi hapo.

Kuna faraja ya uongo inayosambaa: "manispaa imetusajili kwenye anwani hii, kwa hiyo wamekubali." Manispaa inapaswa kusajili watu mahali wanapoishi. Usajili huo hauhalalishi makazi, na barua ya faini inayolimbikizwa inaweza kufuata.

Ukaguzi ni bure. Fungua Omgevingsloket, tovuti ya serikali yenye kanuni za kila kiwanja, andika anwani, soma kanuni za kiwanja. Ukiwa hapo sogeza ramani kidogo, uone kilichopangwa kwenye shamba la jirani: mitambo ya upepo, banda la nguruwe, au nyumba mpya zitakazoziba mandhari unayoilipia.

Dhana: "Benki inatoa asilimia 100, hivyo sihitaji akiba"

Tangu 2018 mkopo hauzidi asilimia 100 ya thamani ya nyumba, isipokuwa nyongeza kwa ajili ya kuokoa nishati. Thamani hiyo ni ya mthamini, si bei uliyokubali katika mashindano ya wanunuzi. Tuseme umeshinda kwa euro 400,000 na mthamini akasema 380,000: 20,000 ni zako taslimu. Herufi *k.k.* kwenye tangazo zina maana kwamba gharama za uhamisho ni za mnunuzi. Kodi ya uhamisho ya asilimia 2 ni 8,000. Umefika 28,000, na bado hujamlipa notari (mwanasheria anayeandaa hati ya kuhamisha nyumba), mthamini, mshauri wa mkopo na mkaguzi.

Mwenye umri chini ya miaka 35 anaweza kusamehewa kodi hiyo mara moja maishani, nyumba ikiwa haizidi kikomo: euro 525,000 mwaka 2025, euro 555,000 mwaka 2026. Kila mnunuzi hupimwa peke yake. Mume wa miaka 37 na mke wa miaka 33 wakinunua nusu kwa nusu, nusu ya mume inalipiwa na ya mke inasamehewa: 4,000 badala ya 8,000. Umri huhesabiwa siku ya hati kwa notari, si siku ya kusaini mkataba. Anayekaribia kutimiza miaka 35 apange tarehe mapema.

Dhana: "Tumekubaliana kwa mdomo, nyumba ni yetu"

Kwa watu binafsi mauzo ya nyumba hayafungi mpaka yaandikwe na kusainiwa. Ni sheria tangu Septemba 2003. Hata ukitoa bei kamili ya tangazo, muuzaji halazimiki kukubali.

Baada ya kusaini, mnunuzi ana siku 3 za kutafakari, kuanzia siku inayofuata ile aliyopokea nakala ya mkataba, na angalau 2 kati yake ziwe za kazi. Ndani yake unajitoa bila kutoa sababu. Zikipita, kinachokulinda ni masharti uliyoyaandika, hasa la mkopo. Sharti hilo lina tarehe ya mwisho, na kukataliwa na benki lazima kuthibitishwe kwa maandishi kabla yake. Ukichelewa, mikataba ya kawaida inakudai asilimia 10 ya bei.

Dhana: "Dalali aliyetuonyesha nyumba anatusaidia"

Yeye analipwa na muuzaji. Ukitaka wa upande wako, umwajiri wewe mwenyewe, na uliza sifa zake, kwa maana tangu 2001 yeyote anaweza kujiita *makelaar*, yaani dalali. Muuzaji ana wajibu wa kusema kasoro anazozijua, lakini nawe una wajibu wa kuchunguza. Nyumba nyingi za zamani huuzwa na kifungu cha umri, kinachokutaka ukubali kwamba haina ubora wa nyumba mpya. Uliza kwa barua pepe ili majibu yabaki.

Dhana: "Mgeni hawezi kununua"

Uraia si kizuizi. Kununua hakukupi kibali cha kuishi, na mwenye kibali cha muda hupata benki chache za kuchagua. Mkataba wa kudumu wa kazi nao si lazima. Barua ya mwajiri inayosema anakusudia kukupa mkataba wa kudumu mara nyingi inatosha. Kama Kiholanzi chako hakitoshi, notari atadai mkalimani aliyeapishwa. Wa Kiswahili hapatikani kila siku, kwa hiyo weka miadi wiki kadhaa kabla.

Mengine yanayosemwa

"Paa za asbesto zimepigwa marufuku, muuzaji ataiondoa." Marufuku ya paa zilizopo ilikataliwa na Seneti Juni 2019. Nyumba au banda la kabla ya 1994 linaweza kuwa nayo, na gharama ni yako.

"Mtaro nyuma ya bustani ni wa serikali." Mara nyingi mwenye kiwanja ndiye anayeusafisha, na mamlaka ya maji, *waterschap*, hukagua kila vuli.

"Choo ni choo." Nje ya kijiji maji taka husukumwa na pampu ndogo, au huishia kwenye tangi la uani. Uliza ni ya nani na ilikaguliwa lini.

"Shule ipo, haitaondoka." Shule ndogo ikibaki chini ya kiwango cha manispaa miaka 3 mfululizo inaweza kupoteza fedha za serikali. Uliza idadi ya wanafunzi. Mpigie pia daktari wa familia kabla ya kutoa bei, kwani baadhi hawapokei wagonjwa wapya.

"Sakafu inabaki." Soma orodha ya vitu, *lijst van zaken*. Laminati, mapazia na taa vinaweza kuondoka na muuzaji. Siku ya kukabidhiwa, kabla ya kwenda kwa notari, pita kila chumba na orodha hiyo mkononi, fungua kila bomba, washa mfumo wa kupasha joto, na upige picha namba za mita za umeme, gesi na maji. Ukikuta kasoro mpya, mwambie notari kabla ya kusaini. Muuzaji akikubali, sehemu ya fedha inaweza kubaki kwa notari mpaka kasoro itengenezwe.