Asmini haiiti nyoka jamani

"Usipande asmini karibu na dirisha, utaleta nyoka." Hii tumeambiwa toka utotoni, na kuna watu wameng'oa mti mzima kisa hiyo. Sasa nyoka hana habari na maua, yeye ananusa kwa ulimi akitafuta panya, vyura na mijusi, basi. Ila asmini ukiiacha ijitandaze mpaka chini inakuwa kichaka, kivuli na unyevunyevu humo, vyura wanahamia, nyoka anafuata msosi wake, halafu lawama linabebeshwa ua. We pogoa matawi ya chini, fagia majani, maji yasituame, kisha jioni chuma vitumba kabla havijafunguka utunge kikuba chako, kile kishada cha maua ya kunukia cha kujipamba. (Mlangilangi, ule mti wa maua ya kunukia, nao unasingiziwa hivyohivyo, masikini.)