Komredi na kura yake: yanayosemwa hosteli na sheria inavyosema

Uchaguzi mkuu ukikaribia, hosteli za vyuo vikuu vya Kenya hujaa wanasheria wa ghafla. Mengi wanayosema yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana huaminika. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa kuwa Katiba imeufunga kwenye Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Nianze na dhana ambayo, kwa maoni yangu, huwapokonya makomredi, yaani wanafunzi wa vyuo vikuu, kura kuliko nyingine zote.

“Mwanafunzi lazima apigie kura kwao nyumbani”

Hakuna sheria ya namna hiyo, wala hakuna inayomlazimisha kupigia kura chuoni. Kifungu cha 83 cha Katiba kinadai uwe raia mtu mzima, uwe na akili timamu, na usiwe umehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Hakiulizi shamba la babu liko wapi wala umekaa mahali kwa muda gani. Kinachosisitiza ni kwamba utaandikishwa katika kituo kimoja tu. Mzaliwa wa Lodwar anayesoma Juja anaweza kujiandikisha Juja au Lodwar, mradi asijiandikishe kote kuwili, kwani hilo ni kosa la jinai.

Swali la kujiuliza ni jingine kabisa: siku ya kura utakuwa wapi? Makarani wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, hufika karibu na chuo muhula ukiwa umechangamka. Wakati mwingine wanasiasa ndio wanaopiga mbiu, kwa sababu wanafunzi elfu kadhaa ndani ya wadi moja wanaweza kumpandisha au kumwangusha mwakilishi wadi. Unapanga foleni na wenzako, unatoa alama za vidole, unapigwa picha, unaondoka na stakabadhi mkononi. Agosti ikifika, chuo kimefungwa, wewe uko kwenu, na jina lako liko mbali, na nauli hakuna. Kenya haina kura ya posta. Mpiga kura hupiga kura katika kituo alichoandikishwa, basi, hata kama anayetaka kumchagua ni rais peke yake na karatasi ya urais ni ileile nchi nzima.

Kwa hiyo uamuzi huu usifanywe kwa kufuata foleni. Anayeishi nje ya chuo mwaka mzima, analipa kodi ya nyumba na kutembea gizani kutoka maktaba, ana sababu nzuri ya kujiandikisha hapo. Taa za barabarani, mitaro na takataka ni mambo ya serikali ya kaunti, na mwakilishi wadi wa pale ndiye wa kuulizwa. Aliye mwaka wa mwisho na atakayefunga virago kabla ya Agosti, ajiandikishe anakokwenda. Na anayepakiwa kwenye basi la mwanasiasa ili akaandikishwe wadi asiyoijua ajiulize nani atamlipia safari ya kurudi siku yenyewe.

Kama ulishajiandikisha mahali pasipokufaa, dawa si kujiandikisha upya. Ni kuhamisha usajili. Unakwenda mwenyewe na kitambulisho katika ofisi ya IEBC ya eneobunge unalohamia na kujaza fomu. Sheria ya Uchaguzi inataka ombi hilo lifanywe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na usajili mpya nao hufungwa siku 60 kabla. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka 10 Agosti 2027, uhamisho unaishia kabla ya katikati ya Mei, wakati ambao pengine utakuwa umezama kwenye mitihani. Kabla ya kuondoka kwa karani, soma jina la kituo kilichoandikwa kwenye stakabadhi. Kosa dogo la kituo hurekebishika siku hiyo. Likigunduliwa asubuhi ya kura, limekwisha kuwa lako.

“Nina kitambulisho, basi jina langu limo”

Halimo. Kupewa kitambulisho cha taifa hakukuingizi kwenye sajili ya wapigakura. Ni lazima uende uombe. Kinyume chake pia kipo: aliyejiandikisha 2022 anadhani ni lazima ajiandikishe tena kwa ajili ya 2027. Hapana, jina lake linaendelea kuwepo, anachohitaji ni kulikagua. Mwaka 2022 ukaguzi uliwezekana kwa ujumbe mfupi wa simu: unatuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa 70000, jibu linakuja na jina la kituo.

Dhana nyingine ya jamii hiyo ni kwamba usajili hufanyika tu wakati wa kampeni zile za usajili za mwezi mmoja. Katiba inazungumzia usajili endelevu, na ofisi za maeneobunge ndizo mahali pake. Wengi husubiri kampeni, kisha kampeni nazo zinapita. Ile ya Oktoba 2021 ililenga wapigakura wapya milioni 6 ikaambulia kama milioni 1.5. Kufikia uchaguzi wenyewe, vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa takriban asilimia 40 ya wapigakura milioni 22.1, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko ya 2017, ilhali watu wa umri huo nchini hawakuwa wamepungua.

“Nimepoteza kadi ya kura, basi tena”

Ile stakabadhi uliyopewa siku ya usajili haiulizwi siku ya kura. Kinachoulizwa ni hati uliyojiandikishia: kama ni kitambulisho, njoo nacho, kama ni pasipoti, njoo nayo. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki, iwe ni kujiandikisha au kupiga kura. Anayetimiza miaka 18 mapema 2027 aanze kushughulikia kitambulisho mara moja, maana kitambulisho kikitoka baada ya sajili kufungwa, umri wake hautamsaidia kitu.

Na kitambulisho hakikopeshwi. Wapo wanaowapa wapambe wa wanasiasa vitambulisho “vishikwe” hadi jioni ya uchaguzi kwa malipo kidogo, wakidhani mwenye kosa ni mtoaji pesa. Sheria ya makosa ya uchaguzi humwandama mtoaji hongo na mpokeaji vilevile.

“Mashine ya kidole inajua nilimchagua nani”

Mashine inajua kwamba umefika, si zaidi. Unaweka kidole, picha yako inatokea kwenye skrini, karani anahakikisha ni wewe. Kidole kikikataa, na hukataa hasa kwa waliokuwa wakifua au kulima, nambari ya kitambulisho hutumika kulitafuta jina. Kisha unapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Unaweka alama kibandani peke yako, unazikunja, unatumbukiza kila moja kwenye sanduku lake, kidole kinapakwa wino. Karatasi haina jina lako wala alama ya kidole chako. Foleni nayo isikutishe: vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kuwa kwenye foleni saa hiyo hupiga kura.

“Nitaandika matusi kwenye karatasi, wakose asilimia hamsini”

Hii huwa ya komredi aliyechoshwa na wote, na hasira yake naielewa. Hesabu ndiyo inayomkataa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingizwi katika kukokotoa asilimia ya mgombea urais, ile inayopaswa kuzidi hamsini ili ashinde. Zinazohesabiwa ni kura halali tu. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 113,614, na hazikumzuia mtu yeyote. Hilo lisichanganywe na kukosea kwa bahati mbaya. Ukiharibu karatasi kabla ya kuitumbukiza, mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyingine.

Binamu wa dhana hii ni “kura yangu moja haibadilishi kitu”. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawe kwa vituo 46,229 vilivyokuwepo, unapata kama kura tano kwa kila kituo. Chumba kimoja cha hosteli na jirani mmoja. Huo ni urais. Kwenye wadi, tofauti huwa ndogo kuliko hiyo mara nyingi mno.

“Ukisoma ng’ambo umejitoa”

Si kweli, ila haki hiyo ni finyu. Mkenya aliye nje humchagua rais tu, na katika nchi zilizotengewa vituo. Mwaka 2022 nchi hizo zilikuwa 12, Tanzania, Uganda na Uingereza zikiwemo, na waliojiandikisha walikuwa zaidi kidogo ya 10,400 pekee.

“Kujiandikisha kupiga kura ni kujiunga na chama”

Ni daftari mbili tofauti. Ya wapigakura iko kwa IEBC. Ya wanachama iko kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Lakini hofu hii haikutoka hewani. Mwaka 2021 Wakenya wengi walikagua kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama wasivyowahi kuvikanyaga. Kagua jina lako, na ukilikuta mahali usipopajua, jiondoe.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa anayewaza kuwa mwanafunzi ni wa kupiga kura tu, si wa kupigiwa. John Paul Mwirigi alichaguliwa mbunge wa Igembe Kusini mwaka 2017 akiwa na miaka 23 na bado ni mwanafunzi wa chuo kikuu, tena kama mgombea huru. Na Kifungu cha 85 cha Katiba kinasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi.