Je, wajua kwa nini mji wa Honea Path ulinyamaza miaka 60?

Tarehe 6 Septemba 1934, wafanyakazi 7 waliuawa kwa risasi nje ya kiwanda cha nguo cha Chiquola, katika mji mdogo wa Honea Path, jimbo la South Carolina, Marekani. Ulikuwa wakati wa mgomo wa viwanda vya nguo nchini, wa watu wapatao 400,000, waliochoka kuongezewa mashine za kuhudumia huku mshahara ukibaki palepale. Uliisha mwezi huohuo, na waligoma bila kupata walichokidai.

Ajabu ni kilichofuata: wengi wa waliozaliwa baadaye mjini hapo walikua bila kusimuliwa lolote.

Nilipokutana na habari hii mara ya kwanza, niliamini kwamba watu walisahau. Si kweli. Maelfu walifika kwenye mazishi, yakafanyika uwanjani. Maziko ya namna hiyo hayasahauliki. Wengine husema watu wa Kusini mwa Marekani hawapendi vyama vya wafanyakazi tangu asili, lakini waliogoma Septemba ile walikuwa haohao watu wa Kusini. Kumbukumbu ilikuwepo, kilichokosekana ni mahali salama pa kuisemea.

Aliyewahi kuishi kota atalielewa hili upesi. Kibarua kikiota nyasi, na nyumba imekwenda. Sasa fikiria kota ambayo ni mji mzima: Dan Beacham, msimamizi wa kiwanda, ndiye aliyekuwa pia meya. Ukionewa kazini, unamshtaki wapi? Waliogoma walifukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba za kiwanda, na majina yao yakafika viwanda vingine. Waliobaki walifanya kazi bega kwa bega na majirani waliokuwa upande wa wenye bunduki. Mama anayetaka mwanawe aajiriwe palepale atamsimulia nini? Hivyo ukimya ukarithiwa kama kota yenyewe.

Leo South Carolina ni kati ya majimbo yenye wanachama wachache kabisa wa vyama vya wafanyakazi. Kulibebesha tukio hili moja mzigo wote huo ni kuzidisha, kwani sheria ya jimbo ya mwaka 1954 nayo ilivibana vyama.

Mnara wenye majina ya wale 7 ulizinduliwa mwaka 1995. Chiquola ilikuwa bado inafuma. Ilifungwa mwaka 2003.