Mapango ya Amboni hayatokei Mombasa

Mtoto gani wa Tanga hajasimuliwa? Ukiingia mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini ya mji, unatokea Mombasa, au Moshi chini ya Kilimanjaro. Ushahidi ni mbwa aliyeingia na Wazungu wawili: wao wakapotea, yeye akaibukia mlimani.

Naipenda hadithi hii, lakini si kweli. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango hayo, na refu kuliko yote lina mita 900 tu.

Mwamba wenyewe unaeleza. Amboni ni mawe ya chokaa. Maji ya mvua yakishachanganyika na hewa ukaa huwa na asidi kidogo, nayo huila chokaa polepole mpaka ufa ukawa ukumbi. Inua tochi utazame dari: tone linaning'inia kwenye ncha ya jiwe, na kabla halijaanguka huacha chembe ya chokaa pale pale. Sasa, kati ya hapo na Kilimanjaro ipo milima ya Usambara, mwamba mgumu usioyeyuka hivyo, na Kilimanjaro yenyewe ni volkano. Njia ingepita wapi?

Wengine huuliza: basi Osale Otango, aliyesakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950, aliwakwepaje? Kujificha Amboni alijificha kweli. Ila hakuhitaji njia ya kwenda Kenya. Humo mna giza totoro, vichochoro vya kutambaa kwa tumbo, na nje kuna msitu wa Mto Mkulumuzi.