Hujakabiliana na ofisi mpya, umeizoea

Leo tena nimesikia mtu anasema "nishakabiliana na ofisi mpya" akimaanisha ameshaizoea, na mara hii nimeshindwa kunyamaza.

Kuzoea ni kitu kigeni kuacha kuwa kigeni kwako. Basi, maana ndo hiyo. Shida ni kwamba mabadiliko yakija watu wanachota neno lolote, kuzoea, kuhimili, kukabiliana, wanaona yote mamoja.

Sasa hiyo kabili. Imetoka Kiarabu, mzizi mmoja na kibla na kabla, yaani humo ndani kuna uso na kuna mbele. Anayekabili kitu kakigeuzia uso, hajakimbia, ila hajakuambia kama yeye mwenyewe amebadilika hata kidogo. Unaweza ukakabiliana na jambo miaka kumi na usilizoee. Himili nayo ya Kiarabu, ndugu yake ni hamali, yule mbeba mizigo, kwahiyo ukisema unahimili maana yake mzigo bado uko mgongoni, magoti tu hayajakunjika. Na hawa waandika ripoti za tabianchi ndo wametuvuruga kabisa, "kukabiliana" hiyohiyo wanaitumia kwa kupunguza gesi joto, hiyohiyo kwa kubadili mbegu na muda wa kupanda, mpaka msomaji hajui anaambiwa azuie au ajipange. La pili lingeitwa kuhimili na wapo wanaoliita hivyo, mungu awabariki.

Zoea ina ukoo wake: jizoesha unajilazimisha mwenyewe, zoeana mko wawili, zoeza ndo iliyotupa mazoezi (na "usinizoee" kila mtu anaijua). Ila kuzoea kwenyewe kunakuja bila hodi. Umehama chumba, giza limeingia, mkono unapapasa swichi kushoto ilikokuwa zamani wakati huku iko kulia, hivyohivyo siku kadhaa, halafu jioni moja unashtuka taa inawaka na wala hukufikiria. Ukirudi chumba cha zamani mkono unakosea kinyume chake, na hapo mi napenda kusema kuzoea upya kuliko kuzoea tena, maana "tena" inahesabu mara tu, "upya" inakiri kwamba unaanza.

Kwahiyo ndugu yangu wa ofisi mpya, sema nimeizoea. Na kama bado inakusumbua, "naikabili" ni sawa kabisa, tutakuelewa.